Jua la Sentabyo

SEHEMU YA KWANZA

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi? Huoni ule ukuta?"

Shangazi alikaza kitenge kiunoni, akaendelea kutembea kuelekea mlangoni.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 25 Mei 2021. Jumamosi jioni volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka, moto wake ukashuka upande wa Goma na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Usiku ule maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Gisenyi, upande wa Rwanda, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Tangu hapo ardhi ilikuwa haijatulia. Watu wa Majengo, mtaa wetu wa Gisenyi, walikuwa wamehamia uani: jiko la mkaa chini ya mparachichi, mikeka karibu na lango, watoto wakilala na viatu miguuni. Nchi ilinguruma, masufuria yakagongana, mtu akaita jina la Mungu, kisha kimya, kisha tena.

Nyumba ya Shangazi aliijenga baba yake kwa matofali ya udongo. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umepasuka tangu dirishani hadi sakafuni, ufa wa kupitisha kiganja. Waliokuwa uani siku hiyo walikuwa wanne: Shangazi mwenyewe, anayeuza vitenge sokoni tangu ujana wake, mpwa wake, mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Rubavu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, mama mmoja wa Goma aliyefanya biashara na Shangazi kwa miaka mingi, na mwana wa mama huyo, kijana anayesoma fizikia chuo kikuu.

"Kama ni nguo, Shangazi, tutanunua nyingine," Mwalimu alisema, akimfuata.

"Nani kakuambia nguo? Nakwenda kuchukua sanduku la baba yangu."

Mwalimu alisimama. Sanduku lile la bati, la rangi ya kijani, alilijua tangu utotoni. Lilikaa chini ya kitanda cha Shangazi, na kufuli lake halikuwahi kufunguliwa mbele ya mtu.

Msomaji anahitaji kujua Babu, yule baba yake Shangazi, alikuwa nani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanahistoria kijana kutoka Ubelgiji, Jan Vansina, alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya IRSAC huko Astrida, mji tunaouita Huye leo. Vansina aliamini jambo ambalo wanazuoni wengi wa Ulaya wa wakati ule walilikataa: kwamba masimulizi ya mdomo ni ushahidi wa historia, na kwamba yanaweza kupimwa na kukosolewa kama karatasi yoyote ya kumbukumbu. Mwaka 1961 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo, na vyuo vya dunia nzima vikakisoma. Lakini ili masimulizi yapimwe ni lazima kwanza yaandikwe, na iliyoyaandika Rwanda ilikuwa mikono ya Wanyarwanda. Makarani walipanda vilima na daftari kwapani, wakakaa na wazee, wakaandika ibitekerezo, yaani masimulizi ya historia, neno kwa neno, kurasa maelfu. Majina ya wakubwa yamo kwenye majalada ya vitabu. Majina ya makarani unayatafuta kwa taabu, na mimi naona hilo ni deni ambalo bado halijalipwa.

Katika simulizi yetu, Babu alikuwa mmoja wa makarani hao, mtoto wa Bugoyi, nchi hii ya chini ya volkano ambayo Gisenyi imo ndani yake. Alisoma kwa mapadri wa Nyundo, misheni iliyoanzishwa mwaka 1901, si mbali na mjini. Mwalimu alipokuwa chuo kikuu Butare, mji ule ule wa Astrida, alisikia kwamba Babu aliandika daftari moja la kwake mwenyewe, ambalo halikupelekwa Astrida. Alimuuliza Shangazi, akajibiwa kwamba hakuna daftari. Alipouliza tena mwaka uliofuata, jibu lilikuwa lile lile.

Na sasa Shangazi alikuwa ameshika kitasa cha mlango, anageuza shingo.

"Umeniuliza miaka yote hiyo, mwanangu, nami nikakukatalia. Daftari lipo. Mna siku ile jua lilipokufa mchana."

"Shangazi, subiri—"

Mngurumo ulianzia ziwani. Mparachichi ulitikisika, ndege wakaruka wote kwa pamoja, na Mwalimu akajikuta amepiga magoti bila kujua ameangukaje. Aliona ule ufa ukifunguka kama mdomo. Ukuta wa nyuma ulijikunja, bati la paa likalia, vumbi jekundu likafunika uwanja mzima.

Vumbi lilipoanza kutua, mlango ulikuwa haupo tena. Shangazi alikuwa ndani.

SEHEMU YA PILI

Kijana ndiye aliyemsikia kwanza.

"Jikoni! Yuko jikoni!"

Walizunguka nyumba wakikimbia. Dirisha la jikoni lilikuwa bado limesimama kwenye ukuta wake, na nyuma yake, amepauka kwa vumbi mpaka kope, Shangazi alikuwa anasukuma kitu kwenye kizingiti.

"Pokeeni sanduku kwanza."

"Mama, tokeni nyinyi kwanza!" Kijana alisema.

"Pokea sanduku, mwanangu."

Walilipokea, kisha wakamvuta yeye. Alikuwa na mchubuko mkononi na hakuna zaidi. Mama wa Goma alimwosha kwa maji ya chumvi, na Mwalimu akalia kwa hasira na furaha, asijue kipi kimetangulia. Hadi jioni hakuna aliyeligusa sanduku.

Usiku, volkano ikiwa imewekea mawingu wekundu upande wa kaskazini, Shangazi alitoa ufunguo kwenye pindo la kitenge. Ndani mlikuwa na koti, rozari, vyeti vya ubatizo, bangili kumi na kitu za nyuzi zilizosukwa, nyepesi, zilizokauka kama majani. Mwalimu alizitambua mara moja: butega, zile bangili zilizovuka Ziwa Kivu kwa mitumbwi na kutumika sokoni hapa Bugoyi kama fedha, watu wakinunulia mbuzi, majembe na tumbaku. Chini kabisa mlikuwa na daftari, jalada gumu, pembe zimeliwa na mende.

Mwandiko wa Babu ulikuwa mdogo na ulionyooka, wa kalamu ya wino, rangi ya bluu iliyoelekea zambarau. Mwalimu alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Kichwa chake kilisema kwamba maneno yale yalitoka kwa mwanamke mkongwe wa Bugoyi, mwenye mashamba juu ya Nyundo, na kwamba hayakuwa maneno ya ikulu.

"Kwa nini aliandika hivyo, Dada?" Kijana aliuliza. "Hayakuwa ya ikulu, kwa nini ni muhimu?"

Mwalimu alifunga daftari juu ya kidole chake ili asipoteze ukurasa.

"Kwa sababu karibu kila tunachokijua juu ya karne ya 18 ya Rwanda kimetoka ikulu. Wakati ule, mwaka 1728, kule Pate pwani, Bwana Mwengo alikuwa anaandika Utendi wa Tambuka kwa herufi za Kiarabu. Huku kwetu wanazuoni hawakuandika, walibeba kichwani. Abacurabwenge walishika nasaba ya wafalme na mama zao. Abasizi walishika mashairi ya ufalme, ibisigo, na mtungaji wa mwanzo anayetajwa katika sanaa hiyo ni mwanamke, Nyirarumaga. Abiru walishika ubwiru, kanuni za siri za ufalme: mfalme anatawazwaje, anazikwaje, ngoma inavikwa nini. Kila mwiru alipewa sehemu yake tu, chini ya kiapo. Aliyekosea neno alihatarisha shingo yake."

"Na nani akaziandika?"

"Padri Alexis Kagame. Alizaliwa 1912, akafa Nairobi 1981. Aliaminiwa na Mfalme Mutara Rudahigwa hadi akafunguliwa vinywa ambavyo hakuna mtu wa nje aliyewahi kufunguliwa. Asingekuwa yeye, mengi yangezikwa na wazee wake. Halafu akafanya jambo gumu zaidi: akatafuta miaka. Masimulizi hayana mwaka, yana majina tu. Lakini yalikuwa na jambo moja. Yalisema kwamba Mibambwe Sentabyo alipotwaa ufalme, jua lilipatwa."

Kijana alikaa wima. Hili lilikuwa la kwake.

"Kupatwa kwa jua kuna hesabu. NASA wana orodha ya miaka elfu tano, kupatwa 11,898. Ninayo kwenye simu."

"Kagame alichagua kupatwa kwa mwaka 1741. Andika." Mwalimu alimtajia, naye Kijana akaandika nyuma ya bahasha: Ruganzu Ndori 1510, Semugeshi 1543, Nyamuheshera 1576, Gisanura 1609, Mazimpaka 1642, Rujugira 1675, Ndabarasa 1708, Sentabyo 1741.

Kalamu ilikwenda chini na kurudi juu. Alitoa mara moja, akatoa tena, akatoa zote.

"Thelathini na tatu," alisema. "Thelathini na tatu. Thelathini na tatu. Dada, wafalme saba, kila mmoja miaka 33 kamili?"

"Ni makadirio. Alihesabu kizazi kimoja miaka 33, akarudi nyuma kutoka kwenye lile jua. Hakudanganya mtu, alieleza njia yake mwenyewe. Wengi walionakili miaka yake kwenye vitabu vya shule ndio walioacha maelezo."

"Kwa hiyo wote saba wametundikwa kwenye jua moja."

"Wote. Sasa sikiliza. Mwaka 1989 Jean-Népomucène Nkurikiyimfura, mwanahistoria wa chuo chetu, aliichambua upya miaka hiyo. Akasema jua la Sentabyo si la 1741. Ni la 1792."

Kijana alitelezesha kidole kwenye simu. Uso wake ulimulikwa kwa rangi ya samawati. "Yote mawili yamo. Tarehe 13 Juni 1741. Tarehe 16 Septemba 1792." Akapiga hesabu. "Tofauti ni miaka 51. Ukisogeza jua, wote wanasogea."

"Wanasogea. Na ndipo unaona uzito wake. Kwa Kagame, Rujugira alikufa mwaka 1708, mtu wa karne ya 17. Ukimfuata Nkurikiyimfura, Rujugira yumo katikati ya karne ya 18, yeye na mwanawe Ndabarasa. Vansina naye, kwenye kitabu chake cha mwaka 2001, aliwaleta wafalme wale karibu nasi kuliko Kagame. David Newbury, aliyeandika juu ya kisiwa cha Ijwi hapo ziwani na jinsi ufalme wake ulivyoundwa kati ya 1780 na 1840, alikwenda mbali zaidi. Alionya kwamba hata mpangilio wenyewe wa majina ya wafalme, unaojirudia kwa zamu, unaweza kuwa umenyooshwa na ikulu ili uvutie."

Hapa nisimame kidogo, maana watu husema mambo ya miaka ni ya wasomi wasio na kazi. Rujugira ndiye mfalme aliyepambana kwa wakati mmoja na Burundi, Gisaka na Ndorwa. Mwili wake, kwa amri ya ubwiru, haukuzikwa: ulikaushwa, ukalindwa na walinzi kizazi baada ya kizazi, hadi ukazikwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Francis Van Noten alilifukua kaburi lake Gaseke, akakuta kichwa kimelazwa juu ya vyuma viwili vya mhunzi. Mtu tunayeweza kuhesabu mifupa yake, ambaye walinzi wake walimlisha heshima hadi zama za magari, hatujui kwa hakika aliishi lini. Mimi jambo hilo linaninyima usingizi, nami naona lingepaswa kumnyima kila anayefundisha watoto historia ya nchi hii.

Shangazi alikuwa amenyamaza muda wote. Sasa akasema, "Soma mbele. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi."

Ukurasa huo ulikuwa umeshikana na wenzake kwa unyevu. Mwalimu alichovya ncha ya kisu kwenye maji ya moto, akaipitisha pembeni taratibu, uzi kwa uzi. Karatasi ilitoa sauti ndogo na kuachia.

"Nimemuuliza habari za zamani kabisa alizopewa na bibi zake," alisoma. "Amesema jua lilikufa mchana, kuku wakarudi bandani. Nimeuliza lilikufa msimu gani. Amesema:"

"Amesema nini?" Kijana alikuwa amesimama. "Juni ni mavuno ya mtama, kiangazi kimeanza. Septemba mvua za kwanza, watu wanapanda. Niambie msimu tu, Dada, sitaki mwaka. Msimu unatosha!"

Mwalimu aliinamia karatasi.

"Wanawake walikuwa shambani na mbegu za maharage mikononi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha jana yake. Walizitupa mbegu, wakakimbia, na mwaka ule maharage yaliota njiani."

"Septemba!" Kijana alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia. "Septemba 1792! Mama, umesikia? Mkulima wa Bugoyi amewapita wote!"

Mwalimu hakuitikia. Alikuwa amesogeza tochi ya simu karibu, kisha karibu zaidi. Maswali ya Babu yalikuwa ya wino wa bluu ulioelekea zambarau. Mistari mitatu ya jibu ilikuwa ya kalamu ya biki, nyeusi. Na ile herufi ya y, yenye mkia uliorudi nyuma na kunasa herufi iliyotangulia, alikuwa ameiona juu ya kila bahasha ya ada tangu darasa la kwanza.

Aliinua macho. Shangazi alikuwa anamtazama.

SEHEMU YA TATU

Hawakusema neno usiku ule. Shangazi alisema amechoka, akajifunika shuka juu ya mkeka. Jumatano ilipita kwa matetemeko na kazi: kuondoa matofali, kutafuta maji, kupanga foleni ya unga. Kila Mwalimu alipomkaribia, Shangazi alikuta jambo la kufanya.

Kijana ndiye hakuelewa. "Lakini maneno si yale yale? Babu alisahau kujaza, mtoto wake akajaza."

"Alijaza lini?" Mwalimu alimuuliza. Walikuwa wanabeba tofali, kila mmoja upande wake. "Nikiwa chuo nilileta nyumbani nakala ya makala ya Nkurikiyimfura. Nilikaa pale, chini ya mparachichi, nikamsomea Shangazi. Nilimweleza jua la Septemba, nikamweleza kwa nini upandaji ungeamua ubishi. Alisikiliza vizuri sana. Kama aliandika baada ya siku ile, basi ushahidi huu ni sauti yangu mwenyewe imenirudia. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 David Henige alituonya pia juu ya jambo hili: watu wanasikia kutoka vitabuni, wanasimulia, na mtafiti anayekuja baadaye anadhani amekuta chemchemi."

"Kwa nini mtu afanye hivyo? Anapata nini?"

"Pengine upendo. Alitaka nipate nilichokuwa nakitafuta." Mwalimu aliweka tofali chini. "Rujugira alikuwa na sababu nyingine. Baada ya Mazimpaka alitawala Karemera Rwaka. Alitawala kweli, lakini orodha rasmi haimhesabu, imempitia kama mtu aliyeshika nafasi tu. Inasemekana aliugua, ndipo Rujugira akaitwa kutoka Gisaka. Vansina hakukubali. Aliona mtu aliyetwaa kiti kisichokuwa chake, kisha ikulu yake ikakaa na wanazuoni wake, ikapanga upya ubwiru na nasaba mpaka njia ya Rujugira ikaonekana imenyooka tangu mwanzo. Unaelewa? Wanazuoni wale wa karne ya 18 walikuwa hodari kweli kweli. Kumbukumbu yao imetufikishia mashairi marefu bila karatasi. Lakini walikuwa na bwana, na bwana alikuwa na haja. Kila simulizi ina mkono ulioishika, nami siwezi kumfundisha mtoto wa watu kuuliza mkono wa Rujugira halafu nikanyamazia mkono wa nyumbani kwetu."

Alhamisi, tarehe 27, kabla jua halijapanda, simu zililia uani kote kwa wakati mmoja. Mkuu wa mkoa wa Kivu Kaskazini alikuwa ametangaza kwamba mitaa kumi ya Goma ihame mara moja, kwa hofu kwamba moto ungeweza kupasua ardhi chini ya mji au chini ya ziwa. Barabara ya Sake ilijaa malori, pikipiki na watu kwa miguu. Wengine walielekea upande huu wa mpaka. Mama wa Goma alikuwa anapiga simu kwa ndugu mmoja baada ya mwingine, akitaja mitaa kwa sauti: Majengo, Mabanga, Virunga, Murara, Mapendo.

Shangazi alikuja na chupa ya chai na vikombe. Alikaa kwenye kigoda, akamimina, mkono hautetemeki.

"Mistari mitatu ni yangu," alisema.

"Najua, Shangazi."

"Hujui. Baba aliacha nafasi kwa kuwa bibi yule hakumjibu. Alimwambia habari za mbegu si za kumwambia mwanamume mwenye kalamu. Baba akangoja, akaondoka. Mimi nilikuwa nje na mwenzangu, wasichana wa shule wote wawili. Bibi akatuita ndani. Akatuambia sisi."

"Mkaandika siku ile?"

"Mwenzangu aliandika. Mimi sikuwa na daftari. Aliandika kwenye daftari lake la hesabu, kwa wino wa Baba, kwa kuwa Baba alikuwa ametuachia kichupa tukishike. Yote aliandika. Mimi nimekuandikia mistari mitatu tu, miaka mingi baadaye, kwa kukumbuka. Bibi alisema mengi zaidi. Alitaja nani alipita njia ya ziwa siku ile, na ngoma gani ilikuwa inapelekwa wapi."

Kikombe cha Mwalimu kilisimama hewani. "Ngoma?"

"Ngoma. Ndiyo sababu nilikukatalia daftari. Hatukuapa kwa mapadri wala kwa karani, tuliapa kwa bibi yule, kwamba habari ya ngoma hatutaitoa hadi mmoja wetu afe. Lakini juzi ukuta uliponiangukia nilifikiri: sote wawili tukifa wiki hii, nani atabaki nayo?"

"Mwenzako yuko wapi, Shangazi?"

"Aliolewa ng'ambo. Yupo Murara."

Mama wa Goma aliacha kuzungumza na simu yake. Kijana alikuwa tayari anafunga kamba za viatu.

"Murara wamehamishwa alfajiri hii," alisema.

Shangazi alitoa simu yake ndogo, akaisogeza mbali na macho ili aone namba, akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Mara ya tatu ilipokelewa, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke. Mwalimu alibonyeza kipaza sauti.

"Nani huyo?"

"Nataka mwenye simu hii," Shangazi alisema. "Mwambie ni wa Gisenyi, wa shule. Atajua."

"Bibi amepakiwa kwenye lori la Sake, saa moja sasa. Simu ameisahau kwa haraka. Mimi ni jirani, na mimi nafunga nyumba, naondoka." Nyuma ya sauti yake palisikika injini na mtu akipiga honi bila kukoma. "Lakini kuna kitu. Amelia sana juu ya sanduku lake, kwenye lori walikataa mizigo. Limebaki barazani."

"Liingize ndani, baba, nakuomba!"

"Siwezi. Kuna watu wawili wamesimama hapa. Wanasema wametumwa kulichukua." Sauti ilishuka, kana kwamba mwenye simu amegeukia ukuta. "Wanasema wametumwa kutoka Gisenyi. Ni nyinyi mmewatuma?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO